Kupaka Mbao za Bei Rahisi Rangi ya Mvule

Mbao za mvule zimesifiwa tangu zamani katika Afrika ya Mashariki. Zikiwa mpya huwa na rangi ya manjano, na siku zipitapo hugeuka kuwa za kahawia iliyoiva. Tena mchwa hawaziwezi upesi. Lakini mvule hukua polepole, na bei yake si ya kila mtu. Kwa hiyo watu wengi hununua makabati na vitanda vya msonobari au saiprasi, miti ambayo asili yake ni Amerika, nao humwomba fundi avipake rangi vifanane na mvule.

Hapo ndipo fundi asiye na subira huaibika. Kabati hutoka na madoadoa, huku kweusi, huku kweupe, naye hulaumu rangi. Kumbe sababu imo katika ubao wenyewe. Ubao wa msonobari una mistari laini myeupe na mistari migumu iliyokoza. Ile laini hunywa rangi nyingi, na ile migumu huikataa. Basi iliyokuwa myeupe huwa ya giza kupita mingine. Ncha za ubao hunywa zaidi, na mahali palipodondokewa na gundi hapashiki rangi kabisa.

Hapana budi kuyafuata mambo haya:

Kwanza, mbao ziwe kavu. Zipigwe randa, kisha zisuguliwe kwa msasa wa nambari 80, halafu 120, halafu 180, kwa kufuata nyuzi za mti. Ncha zisuguliwe kwa msasa laini zaidi, ili zipunguze kunywa.

Pili, pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Alama za gundi zitaonekana. Zikwangue, na ubao ukikauka usugue tena.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ushibishe ubao kabla ya rangi. Chukua sehemu moja ya sheleki iliyokwisha kuyeyushwa, uichanganye na sehemu mbili za spiriti, upake mara moja tu. Ikauke kabisa, kisha uisugue kidogo sana kwa msasa laini.

Nne, tumia rangi ya mafuta, maana rangi ya spiriti itaiyeyusha ile sheleki. Ijaribu kwanza juu ya kipande cha ubao ule ule kilichotayarishwa vivyo hivyo. Ipake kwa kitambaa, ngoja dakika chache, uifute yote iliyobaki juu. Afadhali kupaka mara mbili nyepesi kuliko mara moja nzito. Ikikauka, malizia kwa vanishi.

Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni mwa karakana, kwani vyaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje mpaka vikauke.

Lakini rangi haiugeuzi mti. Msonobari uliopakwa rangi utaliwa na mchwa kama zamani, na ukiwekwa mvuani utaoza. Kwa hiyo fundi mwaminifu humwambia mnunuzi jina la mti wenyewe, na huliandika katika risiti. Kabati zuri la msonobari lenye bei ya haki si aibu. Bali auzaye msonobari kwa jina la mvule atajulikana siku mchwa watakapotoboa ubao, na njia ya mwongo ni fupi.