Mwanao amerudi na uyoga wa porini: Upike au umwage?

Mvua za kwanza zikishashika, watoto wa Songwe hawasubiri kutumwa. Wakitoka shule wanapitia vichakani, kwenye vichuguu na penye magogo yaliyolala shambani. Jioni unasikia mlangoni: "Mama, tumepata uyoga!" Bakuli limejaa, mwingine mweupe, mwingine wa kahawia, mwingine wa njano. Mboga ya leo imepatikana bila kutoa hata shilingi.

Hapo mzazi ana dakika chache za kuamua jambo kubwa. Zamani mwamuzi alikuwa bibi. Alimwaga uyoga kwenye ungo, akauchambua mmoja mmoja, akautaja kwa jina la Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au Kibungu. Asioujua aliutupa, na hakuna aliyembishia.

Leo mambo yamebadilika. Tunduma ni mji wa mpakani, na familia nyingi zimefika kutoka mikoa mingine kutafuta riziki. Bibi yuko mbali. Mama anaweza kuwa anaufahamu vizuri uyoga wa kwao, lakini huku ukaota mwingine unaofanana nao kwa sura na wenye sumu. Duniani kote, wahamiaji ni miongoni mwa watu wanaodhurika kwa namna hiyo: wameona sura waliyoizoea, kumbe si wenyewe.

Makala hii haikuambii umfungie mtoto ndani. Inakuonyesha jinsi ya kumfundisha kuutazama uyoga bila kuula ovyo, na jinsi ya kuanzisha tuta nyuma ya nyumba, ambako unajua uyoga wako umetoka wapi.

Uyoga huishi kwa njia tatu

Kabla ya kuuhamishia nyumbani, jua kwanza unakula nini. Uyoga hauna majani ya kijani ya kujitengenezea chakula. Ule unaouchuma ni kama tunda tu. Mwili wake hasa ni nyuzi nyeupe nyembamba zilizojificha ardhini au ndani ya mti.

Wa kwanza ni uyoga unaoishi na miti hai. Katika misitu ya miombo, nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miombo yenyewe na ya mikusu, ile inayotupa makusu. Mti huupa uyoga sukari, nao uyoga huusaidia mti kupata maji na madini. Uyoga mwingi wa njano na wa rangi ya chungwa unaouzwa barabarani wakati wa masika ni wa kundi hili. Huwezi kuupanda uani. Na miti ikikatwa yote kwa ajili ya mkaa, uyoga huo nao unakwisha.

Wa pili ni uyoga wa kwenye vichuguu. Huu hulimwa na mchwa wenyewe, chini kabisa ya kichuguu. Jirani zetu wa Zambia wana mmoja ambao kofia yake inaweza kufika upana wa mita 1. Wanasayansi waliupa jina la kitaalamu mwaka 1980. Huu nao hauhamishiki, kwa sababu bila mchwa wake hauoti.

Wa tatu ni uyoga unaokula mti uliokufa, pamoja na mabua na maganda. Hauhitaji mti hai wala mchwa. Huu ndio unaoweza kuletwa nyumbani.

Kwenye gogo mnatafuta nini?

Tembea na mwanao siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Tazameni magogo ya zamani, visiki na matawi yaliyoanguka kivulini.

Uyoga unaojulikana zaidi ni ule ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita mamama. Huota kwa mafungu, mmoja juu ya mwingine kama rafu. Kofia yake ni kama feni au ganda la chaza, nyeupe hadi kijivu. Mguu wake ni mfupi na mara nyingi umekaa upande. Mikunjo ya chini ya kofia hushuka mpaka kwenye mguu. Hauna pete mguuni wala kikombe chini ya mguu.

Mwingine ni ule unaofanana na sikio la mtu. Ni wa kahawia na ukiushika ni laini kama gegedu. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu, mvua ikinyesha hulainika tena. Watoto huupenda sana kwa sababu ya mchezo wake huo.

Sasa sikiliza, mzazi. Sifa hizi ni za kuanzia kutazama, si ruhusa ya kupika. Wapo wanaosema uyoga wa mtini hauna sumu. Si kweli. Huko Ulaya na Marekani kuna uyoga mdogo wa kahawia unaoota kwenye magogo yaliyooza, na sumu yake ni ileile ya uyoga wa ardhini unaoua watu kwa kuharibu ini.

Usiamini pia majaribio ya jikoni. Kitunguu kubadilika rangi hakuonyeshi sumu, wala kijiko cha fedha. Konokono na wadudu hula uyoga unaoweza kumuua mtu, wao wakabaki salama. Sumu zilizo mbaya kuliko zote haziondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha.

Kanuni ya nyumbani iwe moja: haupikwi uyoga wowote wa porini mpaka mtu mzima ambaye ameuchuma na kuula hapahapa kwa miaka mingi aushike mkononi na kuukubali. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu haionyeshi sehemu ya chini ya mguu wala harufu. Kuuliza si ujinga.

Jambo jingine ni mahali pa kuchuma. Uyoga hufyonza madini mazito kama risasi kutoka kwenye udongo. Usichume kando ya barabara kuu yanakopanga foleni malori, karibu na gereji, wala penye jalala.

Tuta la uyoga nyuma ya nyumba

Kwa familia yenye watoto, ni salama zaidi kuanza na mbegu ya mamama iliyonunuliwa kuliko kuhamisha uyoga wa porini. Mbegu hiyo ni nafaka iliyotandwa na nyuzi nyeupe, na kwa kawaida huuzwa kwenye chupa au mfuko. Muulize afisa kilimo wa kata yako ni wakulima gani wanaizalisha au kuiagiza. Mbegu nzuri ni nyeupe yote. Ikiwa na doa la kijani au jeusi, iache.

Chakula cha uyoga tunacho tele: mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga, magunzi yaliyopondwa, na kwa watu wa Mbozi, maganda makavu ya kahawa. Yasiwe na ukungu wala yasiwe yamepuliziwa dawa karibuni. Maranda ya msonobari yaache, kwa sababu utomvu wake huuzuia uyoga huu kukua.

Fanya hivi:

1. Chagua kivuli, kwa mfano chini ya mparachichi au migomba, mbali na choo na mahali wanapopita kuku na mbuzi.

2. Katakata mabua vipande visivyozidi sentimita 5. Yaloweke usiku kucha.

3. Yachemshe kwenye pipa kwa saa moja hadi mbili ili kuua vijidudu vinavyoshindana na uyoga. Kazi hii ni ya mtu mzima. Watoto wakae mbali na pipa.

4. Yachuje na yaache yapoe kabisa. Ukikamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu tu. Maji yakitiririka, bado yamelowa mno.

5. Nawa mikono kwa sabuni. Tandaza tabaka la mabua, nyunyiza mbegu, weka tabaka jingine, mpaka tuta lifike kimo cha sentimita 20 hivi. Kilo 1 ya mbegu inatosha kilo 20 za mabua yaliyolowa.

6. Funika kwa nailoni iliyotobolewa matundu madogo. Baada ya wiki tatu au nne, tuta litakuwa limetandwa na utando mweupe.

7. Ondoa nailoni. Weka kipaa cha nyasi cha kuzuia jua na mvua ya moja kwa moja. Nyunyiza maji kidogo mara mbili au tatu kwa siku, pawe na unyevu bila kutuama.

Vichwa vidogo kama vya pini vikitokeza, siku chache baadaye unavuna. Vuna kabla ukingo wa kofia haujajikunja kwenda juu. Tuta moja huweza kukupa mavuno mawili au matatu, kila baada ya wiki moja hadi mbili. Yakiisha, mabua hayo yapeleke bustanini. Ni mbolea nzuri.

Mwenye subira anaweza kutumia vigogo vya mwembe au mparachichi vilivyokatwa karibuni. Kata vipande vya sentimita 30, weka mbegu katikati ya kimoja na kingine, funga kwa mfuko na uweke kivulini. Mavuno huchelewa miezi sita hadi mwaka, lakini kigogo huweza kuzaa kwa misimu kadhaa.

Mgeni akiota tutani

Tuta la nje halina mlango. Uyoga mwingine unaweza kuota humohumo au pembeni. Kwa hiyo hata hapa nyumbani mtoto asichume peke yake. Mfundishe kulinganisha kila mavuno na yale ya kwanza: rangi, mguu, mikunjo. Usiofanana unang'olewa na kutupwa.

Kuna jaribio ambalo watoto hulifurahia. Weka kofia moja juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi mtakuta vumbi limechora mikunjo yote. La mamama ni jeupe au lina zambarau kwa mbali. Likiwa la kijani au la kahawia, huo si mamama. Lakini kumbuka, uyoga wenye sumu nao unaweza kutoa vumbi jeupe. Jaribio hili linaweza kuukataa uyoga, haliwezi kuuthibitisha.

Vumbi hilo huweza kumkohoza mwenye pumu, ndiyo maana usichelewe kuvuna. Uyoga wote upikwe ukaiva vizuri.

Akila asichokijua

Ukishuku kuwa mtoto amekula uyoga wa sumu, usisubiri dalili. Nenda kituo cha afya mara moja pamoja na wote waliokula. Beba mabaki ya uyoga kwenye karatasi, na kumbuka saa aliyokula. Usimlazimishe kutapika.

Kutapika na kuharisha kunakoanza baada ya saa 6 au zaidi ni hatari kubwa zaidi. Tena mgonjwa huweza kupata nafuu siku ya pili, wazazi wakashukuru, huku ini likiendelea kuharibika. Nafuu hiyo isikurudishe nyumbani.

Kwa hiyo jioni ile bakuli likifika mlangoni, usimgombeze mwanao. Kaa naye chini, umwage uyoga kwenye ungo kama bibi alivyofanya, muutazame mmoja mmoja na mseme umeota wapi. Usiojulikana utupeni pamoja. Kisha mpeleke nyuma ya nyumba, akavune naye ule mlioupanda wenyewe.