Saa Kumi Jioni Mitunguu, Saa Kumi Jioni Oslo

Alfajiri siku ya soko, barabara ya kutoka Nkubu hadi Mitunguu, Kaunti ya Meru, huwa na pikipiki nyingi zilizofungwa mikungu ya ndizi huku na huku. Mabroka wanaopeleka mzigo Nairobi huwahi, na mkulima anayechelewa hukuta bei imeshuka. Huku kwenye joto, chini ya miteremko ya Mlima Kenya, ndizi husitawi kwa maji ya Mto Thingithu. Maji hayo hushuka kwa mabomba ya mradi wa kunyunyizia mashamba, uliojengwa kwa msaada wa Ujerumani katika miaka ya 1980.

Mama mwenye shamba ameamka zamani. Amewasha moto, amepika uji, amewavisha watoto na kufunga githeri kwenye kontena. Ndipo anapochukua panga. Huvaa sweta kuukuu, kwa maana utomvu wa mgomba ukishika nguo huacha doa jeusi lisilotoka. Mkungu ukishuka, hulazwa juu ya majani makavu usichubuke, kwa kuwa broka akiona mchubuko hukata bei papo hapo. Jioni zipo kuni, ng'ombe na chakula cha usiku, na zamu ya maji ikiangukia usiku, inabidi mtu atoke na tochi kuhamisha mipira.

Norwe pia siku huanza mapema. Ofisi nyingi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Mwezi wa Desemba mtu wa Oslo huenda kazini gizani na kurudi gizani, kwa sababu jua huchomoza baada ya saa tatu na kutua saa tisa na dakika chache. Mitunguu, iliyo hatua chache tu kutoka ikweta, haijui msimu wa namna hiyo.

Saa tano hivi, Wanorwe hula walichobeba kutoka nyumbani: vipande vya mkate wa ngano isiyokobolewa, vilivyopakwa jibini la kahawia lenye utamu au maini yaliyosagwa, na kikaratasi kati ya kipande na kipande visishikane. Mkubwa wa ofisi na karani wake hubeba chakula kile kile, na mapumziko ni nusu saa tu. Wanakula haraka ili watoke mapema. Saa kumi, baba na mama hukimbilia chekechea, na kufikia saa kumi na moja familia iko mezani kwa mlo mkuu wa siku.

Utaratibu huo ulipiganiwa. Sheria ya kazi ya saa nane kwa siku ilipitishwa Norwe mwaka wa 1919, na tangu 1987 mikataba ya vyama vya wafanyakazi imeweka saa 37.5 kwa wiki. Mwaka wa 1993 serikali ilitenga wiki 4 za likizo ya uzazi kwa baba peke yake; asipozichukua, zilipotea. Ndiyo maana leo kumwona baba akisukuma kigari cha mtoto siku ya kazi ni jambo la kawaida kule.

Kenya nayo ina sheria: agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 kwa wiki. Lakini sheria hiyo inamhusu aliyeajiriwa. Anayelima shamba la nyumbani kwake hana saa ya kufunga kazi, hasa akiwa mwanamke. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya muda wa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia zaidi ya saa 4 kila siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, huku wanaume wakitumia chini ya saa 1. Pengo hilo halitokani na jua wala na mvua, na linaweza kupunguzwa.

Pa kuanzia papo. Chini ya Katiba ya 2010, chekechea ziko mikononi mwa kaunti. Kwa kawaida madarasa hayo huwaachilia watoto adhuhuri, wakati mama bado yuko shambani au anasubiri mizani sokoni, kwa hiyo mtoto wa miaka minne humfuata huko huko kwenye jua. Kaunti ya Meru ingeweza kuweka chakula cha mchana, mikeka ya kulalia na mwalimu wa pili, watoto wakabaki hadi saa kumi, na mama akauza ndizi zake bila mtoto kumfuata juani.