Msongo wa mawazo kazini hula faida
Mwekezaji mdogo anayetafuta hisa hutazama mauzo, madeni na gawio. Iko hasara isiyoandikwa kwenye mizania: mfanyakazi aliyeelemewa na mawazo. Anafika kazini kila siku, lakini hesabu zinakosewa na wateja wanahama.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa sonona na wasiwasi uliozidi hula siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1 za Marekani. Kwa makadirio ya mwaka 2016, kila dola 1 ya kutibu maradhi hayo hurudisha dola 4.

Kinga haihitaji mkopo: mzigo wa kazi unaobebeka, likizo kwa wakati, na msimamizi anayesikiliza bila kumtishia mtu kibarua chake. Hata duka la watu watatu linaweza.