Itengenezwe au Ununue Mpya? Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Ni saa mbili usiku. Taa za sola zimewaka dakika ishirini tu, kisha zikazima. Asubuhi unapita dukani Garissa mjini na muuzaji anakuambia, “Mama, hiyo ishazeeka. Chukua hii mpya, utalipa pole pole.” Maneno matamu. Lakini kabla hujaweka PIN, subiri kidogo. Huenda kilichokufa si mtambo wote, ni kipande kimoja tu.

Tunaandika haya kwa sababu kulipa kwa simu kumekuwa rahisi sana. Ukibonyeza, pesa zimeenda. Hesabu inafaa ije kwanza.

1. Uliza: ni nini hasa kimeharibika?

Mtambo wa sola wa nyumbani una paneli, betri, kisanduku cha kudhibiti chaji, waya na taa. Hivi vyote havizeeki pamoja. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 20. Betri huchoka baada ya miaka michache, na joto huizeesha haraka zaidi. Mafundi wana kanuni moja kuhusu betri za asidi kama zile za gari: kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Hapa Garissa nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida, na ndani ya chumba cha mabati joto huzidi hapo.

Kwa hivyo mwambie fundi apime paneli kwa mita wakati wa jua la mchana, kisha apime betri. Paneli ikiwa nzima, kununua mtambo mpya ni kulipia tena kitu ambacho tayari unacho. Betri mpya iwe ya aina na volti sawa na ya zamani. Iweke chini, kivulini, mahali penye hewa, mbali na mabati. Vumbi la paneli lifute asubuhi kabla haijapata moto.

Kama bado unalipia mtambo huo, usiufungue wala usimpe fundi wa mtaani. Dhamana inaweza kuvunjika. Pigia kwanza kampuni iliyokuuzia.

2. Gawanya bei kwa miezi

Usilinganishe bei kwa bei. Linganisha gharama ya kila mwezi. Huu ni mfano tu. Weka bei za kwako:

- Betri mpya ni shilingi 4,800, na unatarajia idumu miezi 24. Hiyo ni shilingi 200 kwa mwezi.
- Mtambo mpya wa lipa pole pole: unaanza na 3,300, kisha 60 kila siku kwa siku 365. Sitini inaonekana kidogo, lakini ni 21,900 kwa mwaka. Jumla ni 25,200. Betri yake ikidumu miezi 36, umelipa shilingi 700 kwa mwezi.

Kulipa pole pole si vibaya. Kuna familia nyingi zilizopata taa kwa njia hiyo tu. Lakini uliza kila mara: “Nikimaliza kulipa, jumla itakuwa ngapi? Na bei ya pesa taslimu ni ngapi?” Tofauti ya hizo mbili ndiyo gharama ya mkopo.

3. Hesabu siku za kukaa bila

Spea nyingi hutoka Nairobi, kama kilomita 370, na huletwa na basi. Tuseme unauza maziwa ya ngamia na friji imekataa kugandisha. Fundi anataka 6,000 na spea itachukua siku nne. Kama friji hukuingizia 500 kwa siku, gharama yako halisi ni 8,000, si 6,000. Wakati mwingine kulipa zaidi ili spea ifike kesho ni nafuu.

Kabla ya yote, chomoa friji kwenye umeme, safisha vumbi la nyuma na uangalie mpira wa mlango. Mara nyingi shida huwa hapo. Kama ni kompresa, bei hupanda sana, na hapo friji mpya huwa na maana. Ikiwa umeme wenu hupanda na kushuka, nunua kifaa cha kuikinga friji. Hugharimu kidogo ukilinganisha na kompresa.

4. Simu: kioo ni cha fundi, PIN ni yako

Simu ikianguka na kioo kupasuka, watu hushtuka wakidhani pesa zimepotea. Hapana. Pesa haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti yako. Toa laini, iweke kwenye kabambe yoyote unayoiamini, uendelee na biashara.

Ukienda kwa fundi:

- Toa laini na kadi ya kumbukumbu, uende nazo nyumbani.
- Bonyeza *#06# na uandike namba ya IMEI, ili simu utakayorudishiwa iwe ileile uliyoacha.
- Akihitaji kujaribu kupiga, atumie laini yake.
- PIN usimpe, hata kama ni mtoto wa abti yako. Fundi hahitaji PIN kubadilisha kioo wala soketi ya chaji.

Betri iliyovimba isichomwe sindano wala kuchajiwa tena. Acha kuitumia leo.

5. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi

Elewaneni bei kabla kifaa hakijafunguliwa. Lipa kwanza pesa ya spea, kazi ulipe ukishajaribu kifaa. Tumia namba ya malipo ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kisha mwombe fundi akutumie meseji fupi: ametengeneza nini, kwa ngapi, na dhamana ni ya siku ngapi. Meseji hiyo pamoja na ile ya malipo ndizo risiti yako. Usizifute. Kifaa kikirudi kulala wiki ijayo, mtaongea mkiwa na tarehe na kiasi mkononi.

Basi ninunue mpya lini?

Nunua mpya kama kifaa kimeshazeeka na matengenezo yamepita nusu ya bei ya kipya cha kiwango kilekile. Au shida ileile imerudi mara ya tatu. Au spea hazipatikani tena. Au simu imezeeka hadi programu za pesa zinakataa kufunguka. Hapo kutengeneza ni kumwaga maji mchangani.

Ukinunua, cha zamani usikitupe jalalani wala usikichome. Fundi anaweza kukinunua apate spea. Hata elfu moja atakayokupa inapunguza bei ya kipya.

Na yule muuzaji wa asubuhi? Mjibu kwa heshima: “Ngoja kwanza betri ipimwe, nitarudi.” Kipimo kikionyesha mtambo wote umekufa, duka bado liko palepale.