Kabla hujapigiwa Windows kwenye kompyuta mpya, soma hapa kwanza

Leo naongea na wewe uliyejibana, ukanunua vifaa kimoja kimoja, fundi akakuungia kompyuta ya biashara. Imewaka, feni inazunguka, ila ndani hamna kitu. Fundi anachomoa flashi mfukoni anasema, "Bosi, tuipige Windows fasta, elfu ishirini tu."

Mimi nilisema sawa. Ngoja nikuambie ilichonigharimu.

Nauza vitenge na mikoba mtandaoni, niko hapa Msamvu. Mzigo naupakia stendi, wa Dodoma unaenda na basi lake, wa Iringa na Mbeya na lake. Vifaa vya kompyuta vilitoka Kariakoo kwenye boksi la tambi, nikavipokea stendi hapahapa. SSD ya GB 256, RAM ya GB 8, prosesa ya Intel ya kizazi cha 10. Kwa kazi zangu ni mashine ya kutosha.

Fundi akaweka Windows ya kuchakachua. Ili ikubali, akazima ulinzi wa virusi, akaweka kiprogramu cha kuiamsha. Akaniambia nisiuwashe tena ule ulinzi, utakifuta. Nikaona huyu ndiye mtaalamu, mimi nani?

Wiki ya tatu asubuhi nawasha, mafaili yote yamebadilika majina, hayafunguki. Kuna ujumbe mmoja tu, nilipe kwa dola ndio nirudishiwe. Picha za bidhaa zikaenda. Kilichoniuma zaidi ni daftari la oda: nani kalipa nusu, nani kamaliza, mzigo uende wapi. Kuna mama wa Dodoma alikuwa ametanguliza hela ya vitenge vya sare ya harusi. Nilikesha siku mbili nikipekua meseji za miamala na WhatsApp nijue nani ananidai. Vitenge vyake vilifika siku moja kabla ya harusi, fundi cherehani akashona usiku kucha. Mama yule hakunitukana. Ila hajanunua tena.

Virusi vya aina hii vinavyofunga mafaili vipo kweli, na moja ya njia zao kubwa ni hivyohivyo viprogramu vya kuamsha programu za wizi. Kinakuomba uzime ulinzi kwanza, kisha kinaingia mlangoni. Unakuwa umemfungulia mwizi, tena umemshikia taa.

Kwa hiyo somo langu ni moja: mfumo wa kompyuta usichaguliwe na flashi ya fundi. Uchaguliwe na kazi yako. Chukua karatasi uandike vitu viwili. Cha kwanza, programu unazotumia kila siku. Cha pili, vifaa utakavyochomeka, kama printa, mashine ya risiti au skana. Ukimaliza, njoo tuchague.

WINDOWS 11

Ichague kama kazi yako inategemea Photoshop, CorelDRAW au programu ya mahesabu ya kufunga kwenye Windows. Hizo huna namna.

Windows 10 usiwekewe kwenye mashine mpya, hata fundi akisema ni nyepesi. Microsoft walimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Windows 11 ina masharti. RAM isipungue GB 4, diski isipungue GB 64, na madibodi iwe na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kwa Intel, prosesa zinazokubalika kwa ujumla zinaanzia kizazi cha 8. Wengi wanaambiwa mashine yao haifai, kumbe TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS. Kwenye Intel itafute kwa jina PTT, kwenye AMD itafute kwa jina fTPM, uiwashe.

Leseni ni hela. Kwenye duka la Microsoft Marekani, toleo la Home limewekwa dola 139. Ni kubwa, sikatai. Ila ukiona mtu anauza namba ya leseni kwa bei ya chipsi kuku, jua inaweza kuzimwa muda wowote. Unaweza kufunga Windows halisi kwanza bila namba. Itakuwa na maandishi pembeni ya kioo na baadhi ya mipangilio itafungwa mpaka ulipie. Basi jichange ulipie.

LINUX MINT

Kama kazi yako ni WhatsApp ya kwenye kompyuta, Instagram, Canva, barua pepe na mahesabu ya kuandika kwenye majedwali, kiukweli huhitaji Windows. Kazi zote hizo isipokuwa majedwali zinafanyika ndani ya kivinjari kama Chrome au Firefox. Majedwali yanafanyika kwenye LibreOffice, ambayo inafungua na mafaili ya Excel.

Linux Mint ni bure kihalali. Hamna cha kuamsha wala cha kuchakachua. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Neno lenyewe ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Na usidhani mambo haya ni ya wazungu tu. Mwaka huohuo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice.

Mapungufu yake yapo. Photoshop na CorelDRAW hazina toleo la Linux. Baadhi ya printa na mashine za risiti zinagoma. Uzuri wake ni kwamba unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kuifunga. Chomeka printa yako, toa karatasi moja, fungua Canva, sikiliza sauti. Ikikubali, funga. Ikikataa, zima, chomoa flashi, hujapoteza kitu.

Mimi nilihamia Mint. Jamaa yangu wa kuchapa fulana alilipia Windows kwa sababu anaishi kwenye CorelDRAW. Wote tuko sahihi.

JINSI YA KUIWEKA

1. Tafuta flashi tupu ya GB 8 au zaidi na kompyuta ya kuazima. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa.

2. Pakua kutoka kwenye tovuti ya wenyewe tu: Microsoft au Linux Mint. Mint ni kama GB 3, Windows 11 inazidi GB 5, hivyo nunua bando la usiku. Kwa Windows tumia kifaa chao kinachoitwa Media Creation Tool, kitaandaa flashi chenyewe. Kwa Mint tumia programu inaitwa balenaEtcher.

3. Chomeka flashi kwenye mashine mpya, washa huku unabonyeza F12 au F11. Inategemea madibodi, soma kioo kinapowaka. Chagua flashi yako.

4. Ukifika kwenye kuchagua diski, angalia ukubwa kabla ya kubonyeza. Kama umechomeka na diski ya zamani yenye picha zako, ichomoe kabisa kwanza. Watu wamefuta maisha yao hapa.

5. Usianze umeme ukiwa unachezacheza. Kama huna UPS, subiri utulie.

6. Kwa Windows 11 Home utahitaji intaneti na akaunti ya Microsoft. Kama mashine haina WiFi, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kugawa intaneti. Akaunti ifungue wewe, kwa barua pepe yako na neno la siri lako. Usikubali ya fundi.

IKISHAWAKA

Kwanza, ipe masasisho yake yote. Kama unatumia bando, baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows uiambie kwamba intaneti yako inapimwa, la sivyo itakunywa bando hujui limeenda wapi. Ila mara moja kwa mwezi iachie isasishe.

Pili, ulinzi wa Windows uache umewaka. Programu yoyote inayosema zima ulinzi kwanza, kwaheri.

Tatu, daftari la oda liwe sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye Google Drive (GB 15 za mwanzo ni bure), na kwenye flashi au diski ya nje. Hiyo ya nje ukishanakili ichomoe uweke kabatini. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikija kinaila na yenyewe. Mimi nafanya kila Jumamosi jioni nikitoka stendi. Dakika kumi haziishi.

Na fundi wako usimchukie. Mlipe elfu ishirini yake, ila mpe flashi uliyoiandaa wewe, ukae pembeni yake uangalie. Akikataa, tafuta mwingine.

Kompyuta ikiharibika utanunua kifaa kingine Kariakoo. Mteja aliyepoteza imani hauzwi Kariakoo.