Kipaji cha Kijana Hakipimwi kwa Bao Moja

Kila msimu wa Koth Biro, mashabiki katika uwanja wa Umeme, Ziwani, hubishana ni chipukizi yupi mkali zaidi. Jina la mashindano haya ni Kijaluo, maana yake "mvua inakuja". Hapa vijana wa mtaa hukutana na wachezaji wa ligi kuu.

Mfungaji na fundi wa chenga ndio husambazwa kwa video za simu. Beki anayeziba nafasi mapema hatajwi. Kocha makini hutazama mechi kadhaa: mchezaji anasimama wapi asipokuwa na mpira, na anafanya nini akiupoteza. Umri pia huzingatiwa, kwani aliyewahi kukomaa mwili huwatamba wenzake leo, kisha wakamfikia.

Mzazi, sifa za uwanjani si mkataba. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa masharti maalum. Kabla ya kutoa pesa au pasipoti ya mtoto, hakikisha wakala yumo katika orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni, na uthibitishe barua ya klabu na klabu yenyewe.