Ufa Mdogo Huvunja Chuma Kikubwa

Ndugu wafanyakazi, chuma nacho huchoka. Gurudumu linapopita juu ya reli, au gololi inapozunguka ndani ya beringi, uzito wote hukaa juu ya mahali padogo sana. Mahali hapo hubanwa na kuachiliwa maelfu kwa maelfu ya mara. Penye mkwaruzo, kutu, alama ya nyundo au kidonda cha mchanga, ndipo ufa huanzia. Maji au mafuta yakiingia humo hunaswa, na kila mzigo ukipita huyasukuma yaupanue zaidi. Mwishowe chuma hubanduka magamba, au hukatika.

Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, Uingereza, reli yenye nyufa za namna hiyo ilivunjika vipande zaidi ya 300 chini ya treni iliyokuwa ikienda kasi. Abiria 4 walikufa, na watu zaidi ya 70 walijeruhiwa. Nyufa zilikuwa zimejulikana miezi mingi kabla. Reli mpya ilikuwa imekwisha letwa, imelazwa kando ya njia, lakini haikufungwa.

Funzo letu ni hilo. Usipige beringi kwa nyundo. Funika kopo la grisi, mchanga usiingie. Ukisikia mngurumo mgeni au ukiona magamba, mwambie msimamizi, kisha mjulishe mjumbe wa tawi aandike tarehe. Tudai mashine isimamishwe na kifaa kibadilishwe. Ufa ulioonekana ukaachwa haukumwokoa mtu.